Darasa la Kanga la Izigo

Mgeni rasmi, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Bukoba. Wazee wa ukoo. Nanyi mnaochungulia, sogeeni, sheria haiumi.

KARIBU

Sisi akina mama wa Izigo tunafurahi hata vigelegele vinatukatikia kooni. Gari lako lilipokwama topeni pale chini, waliosukuma ni sisi. Anayesoma ni mimi, Ma Alistidia, darasa la nne la misheni. Nikikosea, laumu miwani.

CHIMBUKO

Likizo iliyopita vijana wetu wa Chuo cha Makerere walikuja kujifunza sheria za kibanja, shamba letu la migomba la ukoo. Walikuja na kalamu. Tukawaambia, "Wekeni kalamu, vaeni kanga." Kila mmoja akapewa mtu wa kuwa: mzee wa ukoo, karani wa baraza, mama mkwe. Philbert, mrefu kama mgomba uliokosa nguzo, akawa mjane. Adventina, mama mwenzetu, akawa shemeji mroho.

MAFANIKIO

Philbert alianza kujitetea kwa Kiingereza. Adventina akamkemea, "Wewe mjane, sema Kihaya, au beba vyungu vyako uondoke!" Kijana akalia machozi ya kweli. Nao wakatufundisha kwamba ukishindwa baraza dogo la gombolola, ipo rufaa. Sisi tulidhani hukumu ni mvua, ikishanyesha imenyesha.

Lakini fanikio kubwa hatukulipanga. Rutashobya, shemeji wa Benadetha, mjane wetu wa kweli, alikuwa akipita kwenda kunywa rubisi. Akasikia sauti nyembamba ikilia kwamba mpaka wa kibanja umehamishwa. Akadhani ni Benadetha. Akaingia mbio.

"Mwongo huyo! Nimeng'oa mlamula mmoja tu, na nikaupanda hapo hapo karibu!"

Mlamula, Bwana Shauri, ndio mmea wetu wa mpaka. Hata mbuzi anaujua, anaupita pembeni. Philbert akajifunua kanga kichwani, masharubu yakatoka. Rutashobya alikimbia akasahau kofia. Kofia hii hapa.

SHIDA

Alishtaki kwamba tunaendesha baraza bila kibali, darasa likatiwa kufuli. Ndiyo maana tumekukalisha kwenye mikeka ya kuanikia kahawa. Utuwie radhi, ukisimama jipanguse.

Naye Benadetha, huyu hapa mwenye mtoto mgongoni, alishindwa kesi ya kibanja chake gombolola kwa kukosa shahidi, kabla ya siku ya kofia. Wakimtoa kibanjani, hana pa kwenda. Rufaa yake utaisikiliza Jumatatu.

MAOMBI

Tunaomba kufuli lifunguliwe.

Hatukuombi umpe Benadetha ushindi. Philbert alituonya kwamba kuomba hivyo ni kosa, na sisi ni wanawake wasikivu. Tunaomba tu, kabla ya Jumatatu, usome nasi somo moja. Kanga yako hii, tumeipiga pasi. Utakuwa mjane. Adventina ameshajiandaa kukufukuza.

Mungu akulinde wewe na gari lako, lisikwame ukirudi. Likikwama, usihangaike, tutakusukuma na kanga yako mwilini.

Ni sisi, Darasa la Kanga, Izigo.