Fundi Tadei Luambano na Njia ya Nne

Ndugu waombolezaji, wana Bombambili, wana Ruhuwiko, na wageni wetu wa Hanga na Tunduru: marehemu aliagiza wasifu huu usomwe wote, hata mvua ikinyesha. Mwenye haraka aondoke sasa, wakati bado ni wasifu wa kawaida.

Marehemu Tadei Saimon Luambano alizaliwa Hanga tarehe 3 Oktoba 1959, mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Saimon Luambano, mkulima wa mahindi, na Mama Agatha Mapunda. Mama yake alisimulia kwamba alitanguliza miguu, na mkunga akasema huyu atakuwa mtu wa safari. Hakukosea sana, ila safari zenyewe karibu zote zilirudi nyumbani kabla ya ugali kupoa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza mwaka 1974. Matokeo yake yalikuwa siri aliyoitunza vizuri kuliko siri zake zote, isipokuwa moja ambayo tutaifikia. Somo lililomkaa ni jiografia, na hata hilo lilimletea viboko, pale alipochora mto Ruvuma ukipanda mlima. "Mwalimu," alijitetea, "hiyo ni njia ya kurudi." Baadaye bruda mmoja mzee wa monasteri alimfundisha kunyoosha rimu za baiskeli. Bruda alimwambia rimu haipigwi wala haibembelezwi, inasikilizwa. Maneno hayo yalikuja kumtesa.

Mwaka 1981 alihamia Bombambili akafungua kibanda cha ufundi baiskeli. Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na Bibi Devota Haule. Bwana harusi alimbeba bibi harusi kwenye keria hadi kilima cha Ruhuwiko, na hapo Devota akamwambia, "Mmoja wetu ashuke, na mimi nimevaa gauni." Alishuka, akasukuma, na kwa maneno ya Devota, aliendelea kusukuma miaka arobaini bila kuuliza tumefika wapi.

Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa kujitolea, akirudi kwao Uingereza, alimwachia kijitabu cha njia za baiskeli za mashambani huko: vilima vya mviringo, mito inayojipindapinda, kanisa, kondoo, mvua. Kiingereza cha marehemu kilikuwa cha kwenye maboksi ya vipuri, hivyo alikisoma kwa kamusi miaka miwili. Alipomaliza alitangaza, "Hii ni Songea. Wameongeza kondoo tu." Akaamua kufungua njia zake mwenyewe, kutoka chini ya milima ya Matogoro na kando ya Ruvuma, ili wageni waje waone kondoo wasivyo na maana.

Ila kila ukurasa wa kijitabu ulisema: pita kwenye geti, ulifunge nyuma yako. Marehemu akaelewa kwamba njia bila geti si njia. Mwaka 2003 alisimamisha geti la mbao za mkaratusi mwanzoni mwa Njia ya Nne, katikati ya uwanja mtupu, bila uzio kulia wala kushoto. Mtani wake Nassoro, mfanyabiashara wa korosho wa Tunduru, alifika kulitazama akakaa chini kwa kucheka.

"Ninyi Wangoni! Mmejenga geti mkasahau boma?"

"Mtani, uzio ni wa mbuzi. Geti ni la mtu mwenye adabu."

Akaweka na sheria: anayetoka aliache wazi, wa mwisho kurudi alifunge, ili ijulikane kama kuna mtu bado yuko njiani. Na watu walitii. Hata akina mama wenye mizigo ya kuni waliacha uwanja wote ule wakapanga foleni getini.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Alikuwa na mwenzake, Otto Nchimbi, aliyemwita kaka ingawa hawakuwa tumbo moja. Otto ndiye aliyekuwa mpimaji. Alifunga kijiplastiki kwenye uma wa nyuma, kila gurudumu likizunguka mara moja spoku moja aliyoipinda inakigonga, tak, naye anahesabu huku anaendesha. Mizunguko mia nne na themanini, kilomita moja. Hakuwahi kukosea.

Jumatano tarehe 11 Machi 2009 Otto alitoka kupima Njia ya Nne, hakurudi. Baada ya wiki ikavuma kwamba amevuka kwenda Msumbiji na mwanamke. Marehemu hakuwasha moto huo. Aliuota tu.

Mke wa Otto, Mama Aurelia, yaani Emerensiana, alibaki na jina jipya sokoni: Mama Msumbiji. Mashemeji walimwambia mwanamke aliyekimbiwa hakai matanga. Hakuvaa nguo nyeusi, hakusomewa misa, hakupewa pole. Alipokwenda kuomba geti lifungwe, walau apate pa kuishia, marehemu alimjibu, "Sheria ni sheria, shemeji. Aliyetoka hajarudi." Likabaki wazi miaka kumi na sita.

Bibi Devota alijua mumewe amebadilika, ila hakujua kwa nini. Mchana, kibanda kikiwa hakina mteja, marehemu alikuwa akiacha kazi ghafla na kugeukia ukutani, mahali ilipotundikwa baiskeli iliyofunikwa gunia. Baiskeli ya mteja, alisema. Tak, kutoka ndani ya gunia. Kisha kimya. Kisha tak. Alitia mafuta, akakaza nati, akakata kile kijiplastiki kwa koleo. Gurudumu likaendelea kuzunguka polepole, bila upepo, na sauti ikaendelea bila kijiplastiki. Midomo ya marehemu ilikuwa ikicheza. Devota alidhani anasali rozari, kumbe alikuwa anahesabu.

Mwezi Novemba 2024 miguu ilianza kuvimba. Madaktari walisema moyo umepanuka. Nassoro alipokuja kumjulia hali alisema huo ni uongo wa hospitali, moyo wa Mngoni haujawahi kupanuka kwa ajili ya mtu. Marehemu hakucheka. Nassoro akaogopa, akamwita Devota.

Tarehe 12 Januari, Jumapili saa tisa alasiri, Emerensiana alikuja na uji wa ulezi.

"Shikamoo, Baba Saimon."

"Marahaba. Kaa, shemeji. Otto hakwenda Msumbiji."

"Najua."

"Unajua?"

"Otto alikuwa anaogopa kuvuka barabara ya Bombambili siku ya soko. Msumbiji angeendaje?" Akaweka bakuli chini. "Lakini nilijua peke yangu, fundi. Kujua peke yako si kujua, ni kuugua."

Hapo marehemu alimwambia yote, na Devota akayasikia akiwa mlangoni na kikombe mkononi. Marehemu akamwomba Emerensiana msamaha.

"Msamaha wa chumbani utanifaa nini? Ulininyamazia mbele za watu. Kaseme mbele za watu."

"Watu watakusanyika lini kunisikiliza mimi?"

Emerensiana alitazama miguu ya fundi iliyovimba. "Hawatachelewa sana."

Akaendelea, "Na ukimaliza ya kwako, umsomee na Otto. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alikufaje. Mwili sikudai, mto umeula. Nadai kusomewa."

Marehemu alimwambia binti yake Jane achukue kalamu. Aliyoyataja ni haya, kwa kinywa chake.

Otto Nchimbi alizaliwa Ruhuwiko tarehe 19 Mei 1974. Alisoma hadi darasa la saba, wa pili katika hesabu. Alioa mwaka 1999. Alikuwa mwoga wa barabara na hodari wa mteremko. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 2009, baada ya siku tatu za mvua, alisema, "Kaka, mto umejaa, tungoje." Tadei akamjibu, "Wageni wanakuja Jumamosi. Wewe ni mpimaji au ni kuku?" Otto akaenda. Ijumaa Tadei aliikuta baiskeli imenasa kwenye mizizi, chini ya gogo la kuvukia. Aliifunga gunia. Jumamosi aliwapeleka wageni Njia ya Tatu, akawaambia mwenzake kaomba ruhusa. Otto hakumkimbia mke wala mtoto. Tadei alimtuma, akafa kazini, akiwa anahesabu.

Jane alipomsomea, marehemu alisahihisha neno moja tu. Jane alikuwa ameandika "aliteleza". Baba yake akasema, "Futa. Andika nilimtuma."

Kesho yake Emerensiana aliichukua baiskeli kwake. Devota alipomwuliza kama inamsumbua, alijibu, "Bado inazunguka. Mimi naiacha izunguke. Ninyi mlikuwa mnaizuia." Kuhusu geti, amesema liachwe kama lilivyo, mbuzi wamelizoea.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Bombambili, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi. Devota alikuwa pembeni. Anasema mumewe alihesabu hadi mia nne na kitu, akaishia hapo, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefika. Tungeweza kuwaambia alitabasamu. Tumekatazwa kudanganya leo.

Tadei Luambano ameacha mjane, Bibi Devota, ambaye ameomba tuseme kwamba bado ana hasira na bado anamlilia, na asiulizwe lipi linazidi. Ameacha watoto watatu, Saimon, Jane na Dastan, na wajukuu saba. Otto Nchimbi ameacha mjane, Bibi Emerensiana, na binti mmoja, Aurelia. Bibi Emerensiana amekaa mkeka wa mbele, amevaa nyeusi, na baada ya ibada mtapita kumpa mkono. Mkifika kwake semeni pole, kwa sauti, na jina lake ni Emerensiana.

Baba Paroko atuwie radhi, karatasi yake ya sala imeandikwa kwa mtu mmoja. Wapumzike kwa amani.