Tafuta Kulia

Amani iwe kwenu, ndugu zangu. Mnanijua kama dereva, si msemaji, basi mnivumilie.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa dereva wa tajiri mmoja pale Mbeya, Mwislamu mwenye asili ya pwani. Nilimpelekea vitambaa Chunya na huku kwetu Iringa kwa gari dogo la mizigo la Kiingereza. Gari lile lilikuwa na gia ya ziada, ovadraivu. Ukifika gia ya juu unabonyeza swichi, injini inatulia, gari linateleza na petroli haiendi haraka. Wenzangu wa malori walinionea wivu, nami, Mungu anisamehe, niliringa sana.

Siku moja nikabonyeza, kimya. Tangu hapo injini ililalamika njia nzima na petroli ikawa haitoshi safari. Nikamweleza tajiri. Akasema kwa upole, "Bwana, gari ni lile lile. Aliyebadilika ni nani?" Alidhani nainyonya petroli na kuiuza njiani. Ndugu zangu, nawaambia, afadhali angenitukana.

Nikamtuma dereva wa lori kwa fundi mmoja wa hapa Iringa anayeyajua magari yale. Jibu likaja kwa mdomo: kilichokufa ni solenoidi, sumaku ya umeme inayoivuta gia ile, mwambie atafute kulia. Basi nikaingia chini ya gari, tajiri amesimama, nikafungua upande wote wa kulia. Nikamwaga oili ya giaboksi bure, solenoidi sikuiona. Tajiri akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa gari.

Nikarudi kwetu bila kazi, na jina la mwizi likanitangulia kila gereji. Nikawa nakunywa ulanzi tangu asubuhi. Nililia pia, mtu mzima na ndevu zangu. Mnaweza kucheka, sasa hivi hata mimi nacheka.

Siku moja nikiwa nimelewa nikaenda kumgombeza yule fundi. Mzee akaweka spana chini, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, sikusema mkono wa kulia. Nilisema ukitafute kwa kulia kwake. Kidude kile hulia."

Palikuwa na gari la aina ile pale pale. Akazima injini, akaacha umeme, akatia gia ya juu na kubonyeza swichi. Ta! Ubavu wa kushoto. Nikaketi chini kwenye oili. Mzee alikuwa na solenoidi nzima aliyoitoa kwenye gari lililopinduka. Akasema nirudi kesho yake nikiwa sijanywa, ndipo atanipa na kunifundisha kuifunga. Nilirudi nikiwa mkavu.

Nikaenda Mbeya, nikamwomba tajiri abonyeze yeye mwenyewe, mimi nisikilize chini ya gari. Hakikulia kitu. Nikaifungua solenoidi pale kushoto, waya zake zimeungua, inanuka. Nikafunga ile nzima, nikairekebisha kama nilivyofundishwa, kichuma chake kivutwe mpaka mwisho, maana kikiishia katikati kinaunguza waya tena. Nikamwambia abonyeze. Ikalia. Akabonyeza tena, na tena, nafikiri mara kumi. Kisha akapiga magoti pale vumbini na kanzu yake nyeupe, akainama hadi akaniona. "Nimekudhulumu," akasema. "Nisamehe." Nikamshika mkono kwa mkono wangu mchafu.

Namshukuru fundi yule, aliyenivumilia na harufu yangu ya ulanzi. Namshukuru tajiri pia, maana kuomba radhi kwa dereva wako si kazi ndogo. Nanyi nawaomba hivi: neno likikufikia kwa mdomo wa mtu wa pili, mfuate aliyelisema. Mimi ningefanya hivyo mapema, ningejiokolea miezi minane.

Wa mwisho ni mke wangu, amekaa pale dirishani. Miezi yote ile hakuniuliza hata mara moja kama niliiba. Nilidhani anaogopa jibu, na hilo lilinitesa kuliko jina lenyewe. Yalipokwisha nikamwuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema, "Sikuwa na swali."