Dada Lan na Tundu Alilolifuta Mwenyewe

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya usanifu hapa Taoyuan, Mhandisi Tseng Yu-lan anastaafu. Sote tunamwita Dada Lan, hata wanaomzidi umri.

Aliajiriwa kuchora bodi kuu za kompyuta, na kazi yake ya kwanza ilikuwa tundu la kuchomekea waya wa printa, lile pana la pini ishirini na tano. Alilichora vizuri kiasi kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuligusa. Ndiyo maana kikao cha kuliondoa kilikuwa kigumu.

"Dada Lan, tundu lako linakula nafasi ya manne ya kisasa," alisema mkuu wa idara, Bwana Fang.

"Linakula kwa sababu linafanya kazi," akajibu. "Wewe je?"

Tulicheka, Fang naye akacheka. Lakini washindani wetu walikuwa wameshaliacha, na bodi zetu zilikuwa zinadoda madukani.

Dada Lan akaomba wiki moja, akapanda treni hadi Chiayi kwa Bi. Ke, mfamasia aliyekuwa ametupigia simu kulalamika aliposikia tundu litaondolewa. Printa yake kuukuu ndiyo iliyochapa maelekezo ya dawa.

"Mkiliondoa, niandike kwa mkono?" Bi. Ke alimuuliza. "Kwa macho haya? Nitaua mtu."

Dada Lan alirudi Taoyuan. Siku ya tatu alilifuta tundu kwenye mchoro kwa mkono wake mwenyewe, kisha akajifungia maabara kutengeneza waya wa kuunganisha printa za zamani na tundu jipya. Jaribio la kwanza lilichapa alama za kuuliza ukurasa mzima. Alikwenda Chiayi mara nne. Mara ya nne karatasi ilitoka na jina la mgonjwa, dawa na kipimo, sawasawa. Bi. Ke aliisoma mara mbili, akampakulia wali wa bata mzinga. "Haya, ondoeni mnachotaka."

Waya ule ulitiwa katika kila boksi kwa miaka mitatu, na bodi ile iliuzika kuliko zote zilizoitangulia. Siku ilipotoka kiwandani, Dada Lan alilia chooni. "Furaha na hasira," anasema, "msiniulize ipi ilizidi."

Sasa anakwenda Yilan kulima vitunguu vya majani na mdogo wake. Dada Lan, asante kwa kutufundisha kumtembelea mtu kabla ya kumwondolea kitu chake. Pumzika vyema, ule ushibe. Tukikwama tutakupigia; usipopokea, tutajua uko shambani, nasi tutafurahi.