Mlango wa Mkurugenzi na Ukurasa wa Tatu

MAMA MDOGO: Haloo, mapokezi hapa. Ni nani?

FUNDI: Mimi, mwanao. Fundi wa mashine. Shikamoo, mama mdogo.

MAMA MDOGO: Marahaba. Afadhali umepiga. Mlango wako umemfungia Mkurugenzi.

FUNDI: Wangu tena?

MAMA MDOGO: Si mashine yako ndiyo inafungua milango ya ofisi nzima? Imeganda tangu saa mbili. Kaingia ofisini kwake, mlango ukajibamiza, basi. Anagonga kama— (mkwaruzo)

FUNDI: Kama nini?

MAMA MDOGO: Kama mpangaji aliyesahau ufunguo.

FUNDI: Haijaganda. Mimi ndiye niliyeisimamisha. Nilikuwa nakikagua kiini chake, ile programu inayoiendesha, nikiwa huku huku, kupitia ule waya mweusi uliounganisha mashine na laptopu ya hapo kwako. Nikikiambia simama, kinasimama mpaka nikiambie endelea. Mara waya ukafa.

MAMA MDOGO: Kauchomoa.

FUNDI: Nani?

MAMA MDOGO: Mwenyewe. Eti unaning'inia kama utumbo wa kuku, na mgeni rasmi anakuja saa nne kuzindua ofisi inayojiendesha. Akabeba na laptopu, akajifunze hotuba, ataisomea humo humo.

FUNDI: Kwa hiyo mlango unasubiri mashine, mashine inasubiri laptopu, na laptopu—

MAMA MDOGO: Iko ndani, nyuma ya mlango. Usicheke.

FUNDI: Sicheki.

MAMA MDOGO: Nakusikia pua. Mashine yako imeshaiga tabia za hapa. Hata sisi hatusogei bila amri.

FUNDI: Sikiliza. Waya ni mrefu, upitishe chini ya mlango, auchomeke yeye. Laptopu yenyewe naingia kwa mtandao, skrini yake naiona hapa.

MAMA MDOGO: Ngoja. (mbali na simu) Mheshimiwa, pokea waya. Hapo chini. Chini zaidi, mheshimiwa. (kwenye simu) Kapiga magoti, nasikia yanalia.

FUNDI: Huyu hajajifunza hotuba yoyote. Alikuwa anacheza karata.

MAMA MDOGO: Anashinda?

FUNDI: Wapi. Hotuba hii hapa, nyuma ya karata... Mama mdogo.

MAMA MDOGO: Abee.

FUNDI: Ukurasa wa tatu. "Kuanzia leo wageni watapokelewa na mashine. Tunawashukuru waliokuwa mapokezi na kuwatakia..." Waliokuwa mapokezi ni akina nani?

MAMA MDOGO: Mapokezi kuna kiti kimoja, mwanangu.

FUNDI: Ulijua?

MAMA MDOGO: Nimeichapa mimi. Yeye kuchapa hajui.

FUNDI: Na kazi hii umenitafutia wewe.

MAMA MDOGO: Ulikuwa unashinda nyumbani kwangu unamaliza sukari, ningefanyaje? Waya umeingia?

FUNDI: Umeingia. Imebaki kubonyeza herufi moja tu.

MAMA MDOGO: Mbona huongei? Mtandao?

FUNDI: Mtandao mzima.

MAMA MDOGO: Gari la mgeni linaingia getini. Bonyeza, baba. Usije ukakosa kazi kwa ajili yangu.

FUNDI: Huwa anaisoma kabla, hotuba?

MAMA MDOGO: Huyu? Mwaka juzi alisoma "geuza ukurasa" mbele ya umati. Mara nne. Wakampigia makofi. Kwa nini unauliza?

FUNDI: Kiini kinaweza kusubiri dakika mbili. Wewe taja, mimi nachapa.

MAMA MDOGO: Weee... Haya. "Mashine itafungua milango. Watu watapokelewa na mtu."

FUNDI: Endelea.

MAMA MDOGO: "Mapokezi yataongezewa kiti cha pili, chenye mgongo."

FUNDI: Na mshahara?

MAMA MDOGO: Tamaa mbele, mauti nyuma. Andika.

FUNDI: Nimeandika.

MAMA MDOGO: Chini kabisa weka "geuza ukurasa". Asipoikuta atashtuka.

FUNDI: Nimeweka. Mama mdogo, salio langu linaelekea kuisha. Nasubiri amri yako.

MAMA MDOGO: Endelea.

FUNDI: Tayari. Umesikia kitasa?

MAMA MDOGO: Nimesikia. Tulia, usikate. (mkwaruzo) Pole sana, mheshimiwa. Magoti yana vumbi, hapo, na hapo. Mgeni yuko mlangoni. Hotuba? Haina kosa hata moja, mheshimiwa, nimeichapa mi— (simu inakatika)