Stuli ya Mwalimu Nnko

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Jiografia na michezo katika Shule ya Sekondari Naibala, Oldonyo Sambu, Mwalimu Elihuruma Nnko anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Filimbi yake anaondoka nayo. Majirani wa shule wametuuliza mara mbili kama ni kweli.

Alizaliwa Usa River, upande wa Mlima Meru wenye mvua, akapangiwa kwetu upande wenye vumbi, na tangu hapo hajaacha kututajia kwamba kwao migomba inaota bila kubembelezwa. Kabla ya chuo cha ualimu alipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kama kijana yeyote wa kidato cha sita wa zama zile. Huo mwaka mmoja ndio jeshi lake lote. Ameusimulia miaka thelathini na minne na bado haujaisha.

Hata hivyo, kijana wa kata hii anayetaka kuwa ofisa wa jeshi hamtafuti mwanajeshi, anamtafuta yeye. Kila Jumamosi asubuhi huwakimbiza kuelekea barabara ya Namanga, mwenyewe akiwa nyuma juu ya pikipiki, akiwakaripia kwa uvivu. Siku aliyoingia nayo mtaroni, ni wavivu hao hao waliombeba hadi zahanati, tena kwa mwendo mzuri.

Sasa niseme jambo ambalo kamati ya sherehe imeniomba nisiliseme. Wapo kati yetu, na shahada zao, wanaoamini kwamba jeshi ni la waliofeli. Wapo wengine wanaoamini kwamba uofisa unapatikana kwa simu ya mkubwa. Makundi haya mawili hukaa meza moja ofisini na kunywa chai ya birika moja, na hayajawahi kuona kwamba yanapingana. Mwalimu Nnko aliyajibu yote mawili kwa kazi. Aliwaeleza vijana njia ilivyo: masomo yenye matokeo yanayoeleweka, JKT, usaili, vipimo vya afya, kisha mafunzo ya ofisa mwanafunzi. Kamisheni inakuja mwisho, kwa aliyebaki.

Said Omari alipomfuata akiwa kidato cha tano, akitaka ukomandoo moja kwa moja, Mwalimu alimwambia aanze kwa kuwahi namba za asubuhi, zile za kuhesabiwa mstarini. Hakuna anayetoka kwao akaingia kikosi cha namna hiyo. Kwanza uwe askari, kisha ujitolee, kisha wakuchuje. Said alichujwa, akabaki kikosini. Siku hizi akija likizo na kuulizwa kazi yake, hujibu kwamba yuko stoo. Mwalimu Nnko alimwamini, akamgombeza nusu saa kwa kukosa malengo. Said alisikiliza wima, mikono nyuma, akasema ndiyo Mwalimu.

Hatua ya mwisho ya maandalizi ilikuwa usaili wa majaribio, na silaha ya Mwalimu ilikuwa stuli ya maabara yenye mguu mmoja mfupi. Msailiwa aliambiwa akae. Baadhi walinung'unika. Wengi waliyumba kimya hadi mwisho, wakidhani ndio ushujaa. Wachache waliomba ruhusa, wakaokota kijiwe nje na kukiweka chini ya mguu, na hao ndio walioambiwa waende kwenye usaili wenyewe. Meja Lerionka, mwanafunzi wetu wa zamani, anasema hajawahi kuogopa kiti kingine.

Miaka mitatu iliyopita ilikuwa zamu ya Ndeshi, binti wa Mwalimu, aliyesoma kwingine na kurudi na shahada ya uhandisi. Alijibu kila swali bila kosa, huku akiyumba. Baba yake akasema bado. Ofisa anayevumilia kiti kibovu, alimwambia, atawakalisha askari wake humo humo. Ndeshi alikasirika, akaenda kwenye usaili wenyewe, na hakuchaguliwa.

Umri ulikuwa umembakizia nafasi moja. Ofisi nzima ilimwambia Mwalimu ampigie Meja Lerionka, angalau amdokeze. Alijibu kwamba wazazi aliowanyima simu hiyo ni wengi, na bado anakutana nao kanisani. Mama Ndeshi, tunasikia, alimpa chai ya rangi mwezi mzima, katika nyumba yenye ng'ombe wawili.

Mwaka uliofuata Ndeshi alirudi kwenye chumba kile. Kijiwe sasa alikijua, na baba yake alijua kwamba anakijua. Alipoambiwa akae, hakukaa. Aliichukua stuli, akatoka nayo hadi karakana, akairudisha ikiwa na kipande cha mti kilichopigiliwa barabara, mguu umelingana na wenzake.

"Mwalimu," alisema, maana mle ndani hakuna baba, "nyuma yangu kuna watu sita. Kila mmoja aje na kijiwe chake?"

Mwalimu Nnko aliigeuza stuli, akaukagua mguu. Akampungia mkono aende. Ndeshi alienda, akasailiwa kama wenzake, akachaguliwa, na simu haikupigwa. Mwaka jana alivishwa cheo cha Luteni Usu. Katika picha ya siku ile baba yake peke yake amefumba macho. Anadai ni jua.

Stuli hajaiharibu tena, na atakayemrithi itabidi abuni mtego wake mwenyewe. Kwa sherehe ya Jumamosi kamati ilimwandalia kiti cha sofa chenye maua; amekikataa. Luteni Usu Ndeshi atakuwepo, na baba yake ataikalia stuli ile mbele yetu sote, na haitayumba.

Asante, Mwalimu, kwa watoto wa watu uliowatendea sawa na wa kwako. Nenda salama Usa River. Tunakuombea afya, migomba isiyobembelezwa, na chai yenye maziwa.