Bonde Msilikaushe

Sogeeni karibu, Arlys na Duane, mzime hiyo televisheni, maana sauti yangu haina nguvu ya kushindana nayo na haya ninayoyasema sitayarudia. Nyumba na mashine mgawane, sina neno. Kilichobaki ni zile ekari kumi za majimaji nyuma ya ghala, na najua, Duane, umeshaongea na yule mtu wa kufukia mabomba ya kutoa maji, usinikatalie mwanangu, alinipigia simu mimi kuuliza aje lini.

Humo ndimo inamoota okidi nyeupe yenye matamvua. Baba yenu aliipenda hadi akaiharibu: mwaka tulipomzika kaka yenu wa kwanza, alichimbua maua saba kwa koleo, mizizi na udongo wake, akayapanda kaburini pale kanisani, na kiangazi kilichofuata yote saba yalikuwa yamekufa, kwa sababu ua lile haliishi bila kuvu iliyo katika udongo wa bonde, inayolisha mizizi yake. Tangu hapo, kila mwaka, hakukata nyasi za mle mpaka katikati ya Septemba, mbegu za ua zikishapukutika na nyasi zenyewe zimekauka kama vijiti, na jirani yetu Leland akamcheka mbele ya watu, tukinywa kahawa kanisani baada ya ibada, kwamba Orville analisha ng'ombe wake kuni. Mimi nikamnunia Leland miaka ishirini, hadi akafa, na leo naona ulikuwa ujinga wangu.

Mtasema, mama, msimu huu halikuchanua hata ua moja. Ni kweli. Nilikaa na kiti changu pembeni mwa bonde Julai nzima, peke yangu, sikuona kitu, na nililia, siwafichi. Lakini ua lile huweza kulala ardhini mwaka mzima, hata zaidi, kisha likatoka. Mkishaweka mabomba, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo bonde msilikaushe. Nyasi msikate kabla ya Septemba. Mimi mnizike kando ya baba yenu, na... nipe maji kidogo, Arlys. Inatosha.

Miaka minne sikuona gari lenu likiingia uani, si lako, Arlys, si lako, Duane, na kila Jumapili niliweka vikombe vitatu mezani. Wakili akaniuliza kama awafute kwenye wosia. Nikamwambia hapana, watakuja. Mungu awalinde, wanangu... awape na nyinyi... mtu wa kuwangoja.