Ruhusa ya Mama Mahfoudha

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye cheo chako nimesomewa mara mbili huko nyuma ya pazia na bado kimenishinda urefu, niwie radhi nikiishia hapo kwenye "Mheshimiwa". Bwana Hisham, mkuu wa ukumbi huu, unayefuta jasho ingawa baridi ya humu ndani ingetosha kuhifadhi samaki. Bi Shurooq na wapigaji wako, mliokaa nyuma yangu na pinde zenu magotini. Wazee wenzangu, wazazi, walimu wa skuli za Darsait na Al Khoudh. Na nyinyi watoto wa safu za mbele, ambao kwa haki ningeanza na nyinyi, lakini nimeambiwa itifaki haiwajui watoto.

Mimi naitwa Sleiman. Nimesoma Unguja mpaka darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililisoma nusu. Hapa Maskati nimeshona viti vya magari, Darsait, mpaka macho yakakataa kuiona sindano. Kwa hivyo mtu akikuambieni kuwa amepanda hapa mtaalamu wa muziki, mjue anakutanieni. Nimepanda kwa sababu moja. Mimi ni baba wa marehemu Mahfoudha, mpiga fidla wa okestra hii, ambaye kila sikukuu alisimama hapa niliposimama, akawaeleza watoto wanakwenda kusikia nini. Mwenyezi Mungu kamchukua mwezi wa Rajabu. Hii ni Idi yetu ya kwanza bila yeye.

Sasa, wageni wetu wengine hawaijui desturi yetu, na Bwana Hisham alikuwa haijui mpaka ilipomkuta. Kwetu, mwenye harusi akiwa mtaa mmoja na mfiwa, hapigi ngoma mpaka aende kwanza kwa wafiwa kuomba ruhusa. Hatumi ujumbe wa simu. Anakwenda mwenyewe, anavua viatu, anakaa chini kwenye busati. Na mfiwa ana hiari yake. Anaweza kusema pigeni. Anaweza kusema pigeni, lakini polepole. Na anaweza kunyamaza, na akinyamaza, ngoma zinarudishwa ndani na hakuna wa kulaumiwa.

Basi mwezi wa Shaaban, Bi Shurooq, ambaye bibi yake katoka Wete na hakumlea bure, alikuja nyumbani kwetu na Bwana Hisham nyuma yake. Wakakaa chini, Hisham na suti yake.

"Ami Sleiman," kasema Shurooq, "tumekuja kuomba. Tunataka kuwapigia watoto sikukuu, kama kila mwaka. Mkisema hapana, ni hapana."

"Na tutaanza kwa dakika moja ya kimya," kasema Hisham, "kwa heshima yake."

"Kimya?" nikamwambia. "Mwanangu, humu ndani kimya tunacho tele. Nikutilie kwenye boksi uondoke nacho?"

Shurooq akacheka, halafu akakichukua kitambaa cha meza, maana alikuwa hajaja na leso.

Nikawaambia ukweli, kwamba ruhusa hii si yangu. Mimi ni baba, nilitoa jina na ada ya skuli. Mwenye mtoto ni mamaake. Bi Sayyida, mke wangu, alikuwa amekaa palepale. Akainuka, akaingia jikoni, tukasikia bomba la maji linafunguliwa. Maji yakamwagika tu, hapana sufuria chini yake wala sahani. Tukayasikiliza sote watatu, mpaka Hisham akaanza kuvitafuta viatu vyake.

Nlipowatoa mlangoni, Shurooq akaniambia, "Tutafanya mazoezi, Ami, na watoto tutawaalika. Lakini siku yenyewe upinde hautagusa uzi mpaka wafiwa waseme." Na mnaona wenyewe: ukumbi umejaa, wachezaji wamekwishavaa, na hakuna hata mmoja huko nyuma aliyenyanyua mkono. Hisham kaniuliza mara ngapi leo, "Mzee, jawabu vipi?" Nami namwambia, "Jawabu lipo." Mheshimiwa, usimfukuze kazi. Jasho lile nimemtoa mimi.

Lakini kabla ya jawabu, niacheni kidogo nimseme mwanangu. Marehemu husifiwa mpaka hata mamaake asimtambue. Mimi sitofanya hivyo. Mahfoudha alikuwa mkaidi. Alikuwa hajui kupika hata chai, wallahi, chai yake ilikuwa na ladha ya maji yaliyoudhiwa. Na alikuwa na wazimu mmoja: kwamba mtoto yeyote, awe wa profesa wa Al Khoudh, awe wa mlinzi wa ghala kule Rusayl, akikalishwa mbele ya okestra na akaelezwa vizuri, ataipenda. Nikamwambia, "Wewe, hawa watoto wamezoea simu. Utawakalishaje na fidla?" Akanijibu, "Mbona ulinikalisha mimi na wewe unakoroma?"

Mnajua aliwaeleza vipi? Alisema okestra ni ukoo. Fidla ni watoto, wengi, sauti zao kali, wote wanataka kusema pamoja. Viola ni shangazi: yupo kwenye kila shughuli, hapana anayemsikia, lakini siku asipokuja shughuli inapooza. Selo ni mama. Besi ni babu aliyelala baada ya chakula. Matarumbeta ni akina ami waliokuja kutoka Dubai, wakiingia tu mtaa mzima ujue. Mtoto mmoja akauliza, "Na yule mwenye kijiti?"

"Huyo ni baba," kasema, ananitazama mimi mbele ya kadamnasi. "Anapunga mikono usiku kucha, yeye mwenyewe hatoi sauti hata moja, na mwisho ndiye anayepigiwa makofi."

Mlicheka sana siku hiyo. Na leo mmecheka tena. Haya.

Mwaka wa kwanza alirudi kanuna. "Baba, wale wadogo hawaoni. Viti vya mbele vimewazidi."

"Wanunulie shingo ndefu."

"Baba."

Nikashona mito. Ngozi iliyobaki ya viti vya magari, sponji ndani, uzi wa nailoni. Ndiyo hiyo mliyoikalia, na yule anayeichokonoa kwa kidole namwona.

Na ule mchezo wenyewe, huo wa kucheza kwa muziki bila ya maneno, mnaujua, lakini wageni hawaujui. Mtoto wa kike anatoka usiku wa kuamkia Idi kwenda kuutafuta mwezi. Watu wote wamelala. Mwezi ni mchezaji anayekwenda kwa ncha za vidole vya miguu, anapita nyuma ya nyumba, hasikiki. Okestra inashuka, inashuka, mpaka inabaki fidla moja. Ile fidla moja ilikuwa ni Mahfoudha. Halafu mtoto anauona mwezi, na hapo ukoo mzima unaamka, ngoma, matarumbeta, kila mtu, ndiyo Idi imeingia. Nakiri kuna vijana mle wamevaa suruali za kubana mno. Mwaka wa kwanza Bi Sayyida alijifunika uso kwa mtandio, nami nikaona kauacha upenyo.

"Unatazama nini?" nikamwuliza.

"Natazama mwezi," akasema.

Maradhi yake yalikuwa mafupi. Yalianza na kuchoka, kisha mkono wa kushoto ukawa hauna nguvu. Alipolazwa nlikuwa nnakaa naye mchana. Siku moja namwona vidole vinatembea juu ya blanketi, vinatembea, vinarudi. Nikadhani anawashwa. Nikaanza kumkuna. Akafungua macho. "Baba, unafanya nini?"

"Nakukuna."

"Nafanya mazoezi," akasema. "Ushaniharibia, sasa lazima nianze mwanzo."

Akaanza mwanzo. Sijui alifika wapi.

Wazazi wenzangu, mnataka nikwambieni nyumba inakuwaje? Mnadhani mtu huzikwa peke yake? Bi Sayyida aliing'oa redio ya jikoni kwenye umeme siku ya tatu, akaifunika kanga. Televisheni ikalala. Ramadhani nzima tumefuturu tunasikia vijiko. Na Idi ilipokaribia hakushona nguo, hakuulizia haluwa, na hakusema neno juu ya ruhusa. Mimi sikumuuliza. Mtu anaponidhania mimi ni mcheshi tu, ajue yapo ninayoyaogopa, na kubwa lao ni mgongo wa Bi Sayyida anapokuwa ameigeuzia meza.

Ndugu wakaanza kusema badala yake. Shemeji yangu Musallam alisema, "Muziki gani huo, na kaburi halijakauka?" Musallam, upo safu ya tano, usijifiche nyuma ya mkeo, hatoshi. Sikulaumu. Ulisema kwa mapenzi. Ulimbeba mtoto yule ulipokuwa huna mvi, ukambeba tena mwezi wa Rajabu.

Sasa nisikilizeni, maana nafika.

Jana, Idi pili. Asubuhi tunakaa, sisi wawili, na bizari ya jirani inanukia mpaka kwetu. Jengo letu lina familia nyingi, na watoto wengi kuliko familia. Siku kama ile, miaka yote, ngazi zile zilikuwa hazipitiki: wanakimbia mlango kwa mlango kuomba sikukuu yao, vijisenti vya Idi, wanagonga, wanaimba, wanagombana. Jana, kimya. Bi Sayyida akainua kichwa.

"Watoto wa jengo wamekwenda wapi?"

"Labda wamesafiri," nikasema.

Akainuka, akaufungua mlango ghafla. Nami nikamfuata. Ngazi zilikuwa zimejaa watoto. Wamevaa nguo zao mpya, viatu mkononi, wanapanda mmoja nyuma ya mwengine kwa ncha za vidole. Wa mbele yao alikuwa Shahad, binti wa ghorofa ya juu, yule pale mwenye utepe. Miguu inamtetemeka, anashikilia ukuta.

"Shahad," kasema Bi Sayyida. "Mnafanya nini?"

"Tunapita, Bibi."

"Mbona hivyo?"

"Mama kasema nyumba hii ina msiba, tusikusumbueni." Akavuta pumzi. "Mwalimu Mahfoudha alitufundisha. Ukipita hivi husikiki, kama mwezi."

"Tangu lini mnapita hivi?"

Watoto wakatazamana. Kadogo kamoja nyuma kakasema, "Tangu siku ile."

Bi Sayyida akaushika ubao wa mlango. Mnafahamu alichokuwa anakiona? Mwanawe kapitisha miaka yote akiwafundisha watoto hawa kuusikiliza muziki, na yeye mamaake, bila ya kusema hata neno moja, kawanyamazisha wote, ngazi nzima, mpaka kale kadogo ka miaka mitatu. Hakuwaambia. Msiba ulitoka wenyewe chini ya mlango, kama maji.

"Shukeni," akawaambia.

Wakaanza kushuka kwa ncha za vidole.

"Shukeni vizuri," akasema. "Vaeni viatu."

Wakavaa. Wakashuka. Nimeishi jengo lile tangu halijapakwa rangi, sijapata kusikia kelele kama ile, na Bi Sayyida kasimama mlangoni analia, hakujifuta, mpaka mtoto wa mwisho alipofika chini.

Hakuniambia kitu jana. Redio ipo palepale na kanga yake. Msije mkafikiri amepona, hakuna mtu anayepona hapa. Leo mchana akavaa baibui, akanambia, "Toa gari." Mara yake ya kwanza kutoka tangu Rajabu, ukiacha kaburini. Tukapita Ruwi, tukapita madaraja yote, hasemi. Nami, mnayenijua kwa mdomo, sisemi. Tulipozima gari hapo nje, bado ameshika mkanda wa kiti.

"Wewe ndiye utakayesema?" akaniuliza.

"Mimi."

"Usiropokwe."

"Siropokwi."

"Utaropokwa," akasema. Kisha akaniambia maneno niliyotumwa, akaniamuru nisiongeze wala nisipunguze. Hapo katikati nimeongeza kidogo, Mama Mahfoudha, tutagombana nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakushukuru kwa kuniachia zamu yako ya kusema. Bwana Hisham, nakushukuru kwa subira, na nakuomba ile dakika yako ya kimya uiweke kando, tumeshaitumia. Ndugu zangu, nakushukuruni kwa masikio yenu. Nakurudishieni, mna kazi nayo. Watoto wangu, mwaka huu hamna wa kukuelezeni. Mnaujua ukoo wote. Itakapofika pale pa fidla moja, itapigwa na Bi Shurooq, na msimlinganishe.

Bi Shurooq, wewe ulikuja ukakaa chini kwenye busati letu, ukaomba. Jawabu la wafiwa ni hili, na mwenyewe amekaa safu ya tatu, anakutazama.

Kasema: "Waambie wapige. Na wasipige polepole kwa ajili yangu."